Barua ya wazi: Kabla ya kuhesabu bunduki za Kongo, tuwahesabu wanunuzi

Kwa Waheshimiwa Mawaziri mnaosimamia Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, Madini, Mifugo na Uvuvi, na Viwanda na Biashara. Kwa Waheshimiwa Wabunge wa mikoa ya Kanda ya Ziwa. Na kwa Waheshimiwa mnaotuwakilisha katika Bunge la Afrika Mashariki.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Kirumba, jijini Mwanza, ambako kazi yangu ni kutunza hesabu za wafanyabiashara wa dagaa na kayabo (sangara aliyekaushwa kwa chumvi) wa soko la Mwaloni. Mimi si mwanadiplomasia wala mwanajeshi. Ila kazi hii humzoesha mtu kuuliza kila mzigo umetoka wapi, unakwenda wapi na nani anaulipia, na ni kwa mazoea hayo nimekuwa nikisoma taarifa za pamoja za wakuu wa nchi zetu kuhusu vita vya mashariki mwa Kongo, ikiwemo ile ya mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) uliofanyika Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025. Taarifa hizo huzungumzia makundi yenye silaha, usitishaji wa mapigano, njia za misaada na heshima ya mipaka. Sijaona mahali ambapo anayenunua kinachochimbwa chini ya ulinzi wa bunduki hizo ametajwa kwa jina.

Hoja yangu ni kwamba chuki za majirani na tamaa za watawala zipo kweli, lakini mahali vita vinapozuka, muda vinaodumu na nani anayeweza kuvimudu ni mambo yanayofuata bei na njia za biashara ya dunia. Serikali inayoweka faili la biashara katika ofisi moja na faili la ulinzi katika ofisi nyingine itaendelea kushtukizwa na vita ambavyo mtunza hesabu wa kawaida angeviona vikija. Na sisi wa ukanda huu hatuna udhuru wa kushtukizwa, kwa kuwa somo lenyewe tumelipata nyumbani.

Vita vya Kagera wengi tumelelewa kuviona kuwa ni wazimu wa mtu mmoja, nami sitaki kumpunguzia Idi Amin hata chembe ya lawama yake. Lakini mtu yule aliendesha jeshi, na jeshi halilipwi mishahara kwa wazimu. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapanda hadi kuvuka dola 3 kwa ratili mwaka 1977, na Uganda, ambayo viwanda na maduka yake yalikuwa yamevurugika tangu kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, ikabaki na zao moja lililoingiza karibu fedha zake zote za kigeni. Takriban theluthi moja ya kahawa hiyo ilinunuliwa na makampuni ya Marekani katika miaka ile ile ambayo Marekani ilikuwa ikimlaani Amin hadharani. Ndege zilipaa kutoka Entebbe kwenda Stansted, Uingereza, zikarudi zimejaa wiski na vitu vya anasa vya kuwaridhisha maofisa na askari. Kahawa ambayo haikupita Entebbe ilivushwa ziwani kwa magendo, hata Amin akampa Mwingereza Bob Astles kikosi cha boti cha kuwasaka wavushaji.

Kisha hesabu zikageuka. Bei ya kahawa ilishuka sana kutoka kilele chake, jeshi likaanza kuasi, na Oktoba 1978 Marekani ikapiga marufuku kwa sheria biashara na Uganda. Kabla mwezi huo haujaisha askari wa Amin walikuwa wameshaingia Kagera. Sisemi kwamba sheria ile ndiyo iliyoleta vita, na waliodai ipitishwe walikuwa na sababu njema. Nasema kwamba utawala uliolelewa na bei ya kahawa ulitingishika bei hiyo ilipotingishika, na utawala unaotingishika hutafuta adui wa nje. Hata ardhi aliyoidai, ile iliyo kaskazini ya mto Kagera, imekuwa upande wetu kwa sababu Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1890 kugawana maeneo yao ya biashara kwa mstari wa digrii 1 kusini ya ikweta, mstari uliokata ziwa na kuendelea magharibi bila kujali mto unapita wapi.

Jiji hili nalo lilipata sehemu yake. Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, iliyotengenezwa Urusi ya Kisovieti na kununuliwa kwa fedha ya mafuta, ilikuja kulipua hifadhi ya mafuta ya Mwanza, ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Wenyeji hulisimulia tukio hilo kwa kicheko, nami hucheka nao, ingawa mabomu yale yangeelekezwa vizuri kidogo wengi wetu tusingekuwapo kusimulia lolote. Amin alipigana kwa silaha za Kisovieti. Sisi tulimjibu kwa silaha za Kisovieti na za Kichina. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, muuza silaha hakuwa ameshindwa upande wowote. Sisi tulioshinda tulibaki na gharama inayokadiriwa kufikia dola milioni 500, mafuta yakapanda bei mwaka ule ule, na kufikia mwaka 1986 tulikuwa tumesaini masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa ambayo Mwalimu Nyerere alikuwa ameyakataa kwa miaka kadhaa.

Hapa najua nitaambiwa kwamba Urusi ya Kisovieti na China ya wakati ule hazikuwa nchi za kibepari, na anayesema hivyo anasema kweli. Sidai kwamba mabepari peke yao ndio wapiganao; watu walipigana kabla ya benki na kabla ya soko la hisa. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na kwa maoni yangu ni kigumu zaidi kukikanusha: katika dunia ambayo soko limekuwa moja, fedha ya kuendeshea vita hupatikana sokoni, na sababu ya kupigania bonde hili na kuliacha lile hupatikana humo humo.

Pingamizi la pili nalisikia zaidi kutoka kwa wachumi wetu, kwamba biashara ndiyo inayoleta amani kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili anayempiga mteja wake. Ningependa iwe hivyo. Mwaka 1914 Uingereza na Ujerumani zilikuwa zikiuziana kwa wingi kuliko nchi nyingi za wakati huo, na bado Julai 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Mwanza kuwatoa Wajerumani, ambao nao walikuwa wamekuja huku, pamoja na mengine, kutafuta pamba ili viwanda vyao visitegemee mno pamba ya Marekani. Biashara huleta amani pale ambapo pande zote mbili zinanufaika na kila upande unaweza kusema hapana. Pale ambapo upande mmoja una kiwanda na mwingine una shimo tu, vita haviondoki; huhamia kwenye shimo, na wenye viwanda huendelea kuuziana kwa amani.

Rwanda ni mfano ambao yeyote aliyeishi ukanda huu mwaka 1994 hawezi kuupita. Julai 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa viwango vya kuuza kahawa yalivunjika, na katika muda mfupi bei ilipungua kwa takriban nusu. Wakulima wa Kagera waliumia. Rwanda, iliyotegemea kahawa kwa sehemu kubwa ya fedha zake za kigeni, iliumia zaidi, ikalazimika kupokea mpango wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa na kushusha thamani ya faranga yake mwishoni mwa 1990, wiki chache baada ya vita kuanza tarehe 1 Oktoba. Waliopanga na kutekeleza mauaji ya kimbari ni watu wenye majina, na hakuna bei ya kahawa itakayowatoa kizimbani. Lakini serikali iliyokosa fedha ya kuwalipa wakulima haikukosa mtu wa kuiuzia silaha kwa mkopo, na hilo ni jambo la biashara. Sisi tuliona matokeo: katika muda wa siku moja, mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na mto Kagera ulileta ziwani miili ambayo kwa muda mrefu iliwafanya watu wa mialoni (fukwe za kushushia samaki) kuogopa kula samaki.

Sasa nije kwenye yale yanayonifanya niandike mwaka huu na si mwaka mwingine.

Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki za mji ule zilifungwa na uwanja wa ndege ukafungwa. Hapa Mwaloni habari hiyo ilionekana kwenye marundo. Kayabo huchukuliwa zaidi na wateja wa Kongo, na wateja hao walipokosa pa kutolea fedha, mzigo ulikaa. Kayabo ikikaa katika msimu wa mvua chumvi hutoa maji, nyama hugeuka kutoka njano kwenda kahawia, funza huingia kwenye maungio ya mifupa, na bei hushuka kabla mteja hajafika. Mama mmoja ninayemtunzia hesabu alikuwa amekopa kwenye benki moja ya hapa mjini ili anunue mzigo ule; alipokwenda kuomba aongezewe muda, ofisa alimfungulia mkataba na kumweleza kwa upole kwamba vita vya nchi nyingine si sababu inayotambuliwa. Alilipa kwa kuuza injini ya mtumbwi wa mumewe. Katika majuma hayo hayo bei ya dhahabu ilikuwa ikipanda, na si mbali na soko letu walikuwapo watu waliokuwa wakifurahi, tena kwa haki yao kabisa, kwa sababu walikuwa na mawe ya dhahabu na marudio (mchanga uliobaki baada ya kuchenjua) ya kuuza.

Jiji moja, vita vilevile, hasara huku na faida kule. Sijaona idara ya serikali iliyoziweka hesabu hizo mbili kwenye ukurasa mmoja.

Dhahabu hupanda bei watu wanapoogopa. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022 na nchi za Magharibi zikazuia takriban dola bilioni 300 za akiba ya Urusi, nchi nyingine nyingi zilijifunza kwamba akiba iliyo kwenye benki ya mtu mwingine inaweza kufungiwa, na benki kuu duniani zikanunua zaidi ya tani 1,000 za dhahabu kila mwaka kwa miaka mitatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024. Wakia moja iliyovuka dola 2,000 Machi 2022 ilivuka dola 4,000 Oktoba 2025. Maana yake ni kwamba kijana anayeshuka shimoni Geita, na mwenzake anayechimba Ituri, Kongo, akiwa amesimamiwa na mtu mwenye bunduki, wote wawili wanalipwa kwa bei iliyosukumwa na hofu ya Ulaya na Asia. Kwa Geita ongezeko hilo ni mirabaha na ada za shule. Kwa Ituri ni risasi. Sudan nako, tangu Aprili 2023, majeshi yote mawili yanayopigana yana mkono kwenye dhahabu, na sehemu kubwa ya dhahabu ya nchi ile huishia Dubai, ambako hununuliwa na watu ambao hawajawahi kusikia jina la kijiji ilikotoka.

Koltani, mawe yanayotoa madini ya tantali ya kutengenezea simu, inafuata njia hiyo hiyo kwa sura nyingine. Machimbo ya Rubaya, huko Masisi, ambayo hutoa takriban asilimia 15 ya tantali yote ya dunia, yalitekwa na M23 mwaka 2024, na Septemba mwaka huo mkuu wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo aliliambia Baraza la Usalama kwamba kodi inayotozwa na kundi hilo katika eneo la Rubaya inaliingizia takriban dola 300,000 kwa mwezi. Hiyo ni kodi tu. Madini yenyewe huvuka mpaka, huchanganywa, hupata karatasi mpya na kuishia kwenye simu ambayo huenda ndiyo mnayosomea barua hii. Februari 2024 Umoja wa Ulaya ulisaini na Rwanda hati ya ushirikiano kuhusu madini muhimu. Machi 2025 Umoja huo huo ukawawekea vikwazo maofisa wa Rwanda na kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Kigali. Mtu akiniletea vitabu vya hesabu vyenye kurasa mbili za namna hiyo, nitamwomba aniletee na risiti.

Mazungumzo yenyewe ya amani yamekuwa mazungumzo ya madini. Makubaliano ya Kongo na Rwanda yaliyosainiwa Washington tarehe 27 Juni 2025, na kuthibitishwa na marais huko huko tarehe 4 Desemba, yaliambatana na mpango wa ushirikiano wa kiuchumi unaogusa mnyororo wa madini, na Marekani haikuficha kwamba inataka makampuni yake yapate nafasi mbele ya yale ya China. Haikupita wiki moja tangu marais wasaini, M23 wakaingia Uvira, kwenye pwani ya ziwa Tanganyika tunalochangia sisi wenyewe. Siwezi kuilaumu Kinshasa kwa kutafuta rafiki mwenye nguvu. Ila amani ambayo mdhamini wake ni mnunuzi itafuata ratiba ya mnunuzi.

Waheshimiwa, nchi hii imepeleka vijana wake Kongo mara kwa mara: katika kikosi cha Umoja wa Mataifa tangu 2013, kisha katika kikosi cha SADC kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi kilipoondolewa 2025. Tarehe 7 Desemba 2017, kwenye kambi ya Semuliki, Watanzania 14 waliuawa kwa usiku mmoja. Naomba nieleweke kwamba sipingi kwenda kuwasaidia majirani. Napinga kwenda bila hesabu. Kabla askari hawajapanda ndege, Bunge lingepaswa kuwekewa mezani taarifa inayoonyesha eneo wanakokwenda linatoa madini gani, yanapitia njia zipi, makampuni gani yanayasafirisha, na kama yapo kati ya hayo yaliyosajiliwa kwetu au yanayotumia bandari ya Dar es Salaam, ambayo Kongo ni miongoni mwa wateja wake wakubwa kabisa wa mizigo ya kupitisha. Hatuwezi kumtuma kijana wa Magu au Sengerema akailinde barabara ambayo juu yake unapita mzigo tunaotoza ushuru bila kuuliza.

Katika dhahabu tuna pa kuanzia. Masoko ya madini yaliyoanzishwa 2019 yalipunguza magendo, na kiwanda cha kusafisha dhahabu kilichozinduliwa hapa Mwanza Juni 2021, chenye uwezo wa kilo 480 kwa siku, ni jambo ambalo tulilipigania na tunajivunia. Lakini kiwanda cha kusafishia ni mahali ambapo dhahabu hupoteza kumbukumbu ya ilikotoka. Ikishayeyushwa, ya Geita na ya Ituri hazitofautiki. Ng'ambo ya ziwa hili hili, Entebbe, kiwanda cha namna hiyo kiliwekewa vikwazo na Marekani Machi 2022 kwa tuhuma za dhahabu ya Kongo. Tanzania ni mwanachama wa Mkutano wa Kimataifa wa Nchi za Maziwa Makuu, ambao una mfumo wake wa vyeti vya kuthibitisha asili ya dhahabu, bati, tantali na tungsteni. Naomba vyeti hivyo vidaiwe kwa kila gramu inayoingia sokoni na kiwandani, na takwimu za asili yake zichapishwe kila robo mwaka kwa wilaya na kwa nchi. Kuna watakaosema kwamba ukali huo utawakimbiza wauzaji kwenda kwa majirani. Baadhi watakwenda, na hao ndio tunaotaka waende.

Niseme na kuhusu ziwa, kwa kuwa hapa ndipo ninapoona jambo hili kwa macho badala ya kulisoma. Sangara alipandikizwa katika ziwa hili zama za ukoloni, na tangu miaka ya 1980 viwanda vya Mwanza, Musoma, Kisumu na Entebbe vikaanza kupeleka minofu Ulaya, huku wenyeji wakiachiwa mapanki, yaani vichwa na mifupa. Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wetu mwaka 1999, kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumiwa kuvulia, tulijua katika siku chache kwamba maisha ya kisiwa cha Ukerewe yanaweza kusimamishwa na karatasi moja kutoka Brussels. Baadaye likaja bondo, yaani kibofu cha hewa cha sangara. Soko la China na Hong Kong limelifanya kuwa kitu cha thamani kuliko mnofu wenyewe, na sangara mkubwa akapata thamani ya kuibiwa kwa silaha. Wavuvi wanaoporwa injini na nyavu usiku hawaporwi na adui wa taifa lao. Wanaporwa kwa sababu bei imefika mahali ambapo uporaji unalipa.

Migingo ni kisiwa cha mwamba kisichofika hata nusu ya uwanja wa mpira, kimejaa mabati ukuta kwa ukuta, na kisiwa cha jirani kilicho kikubwa kuliko hicho hakina wakazi. Kenya na Uganda zilikaribia kugombana vibaya juu yake mwaka 2008 na 2009. Hakuna aliyekuwa akipigania mwamba. Kilichopiganiwa ni maji yenye sangara yanayouzunguka. Mwaka 2017 Uganda iliweka jeshi lake kusimamia uvuvi, na tangu hapo malalamiko ya wavuvi wa nchi jirani kukamatwa na kutozwa yamekuwa mengi. Sisi wenye karibu nusu ya ziwa zima tumekuwa tukijibu kwa operesheni zetu, tunachoma makokoro (nyavu haramu), tunapumzika, tunaanza upya. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lipo Jinja tangu makubaliano ya 1994 na linajua hali ya samaki kuliko sisi sote. Lipewe meno: leseni moja inayotambulika katika maji yote matatu, kumbukumbu moja ya mauzo ya mabondo, na sehemu ya ushuru wa bondo irudi mialoni kulipia doria za pamoja za kiraia. Askari wa nchi tatu wanaozungukazunguka kwenye ziwa moja wakilinda samaki wanaoliwa kwingine ni ajali inayosubiri siku yake.

Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, nitaigusa kwa ufupi kwa kuwa mazungumzo yake yanaendelea na huenda mnajua mengi nisiyoyajua. Madini hayo ya betri yanatazamwa na Marekani na washirika wake kama njia ya kupunguza utegemezi kwa China, na Makamu wa Rais wa Marekani aliyataja akiwa Dar es Salaam Machi 2023. Wakati huo huo reli ya kisasa ya kilomita 341 kutoka Isaka hadi hapa Mwanza inajengwa na makampuni ya China, kampuni ya China imepewa kuiendesha TAZARA, na Marekani na Ulaya zinaipigia debe njia ya reli ya Lobito, inayopitia Angola. Hakuna kosa kupokea reli kwa huyu na kumuuzia nikeli yule. Kosa litakuwa kusaini kifungu kinachotukataza kumuuzia mwingine, kinachompa mnunuzi haki ya kusema nani apite kwenye reli, au kinachounganisha mauzo ya madini na mambo ya ulinzi. Sheria zetu za 2017 za mamlaka ya nchi juu ya maliasili zinawapa nguvu ya kukataa. Vifungu vya namna hiyo vikiwemo katika rasimu yoyote, viletwe bungeni vikiwa bado rasimu.

Na yule mama wa kayabo asiachwe. Serikali iliweza kutenga shilingi bilioni 100 mwezi Juni 2022 kupunguza makali ya bei ya mafuta iliyopandishwa na vita vya Ukraine, na ilifanya vyema, maana petroli ya mtumbwi ilikuwa imeanza kuwashinda wavuvi. Dhahabu inapopanda kwa sababu ya vita, sehemu ndogo ya mirabaha ya ziada ingeweza kuwekwa kwenye mfuko wa dhamana wa wafanyabiashara wa mpakani ambao mikopo yao imekwama kwa sababu ya vita hivyo hivyo. Benki Kuu ina uwezo wa kuzielekeza benki zitambue kufungwa kwa mpaka na kufungwa kwa benki za nchi jirani kuwa sababu halali ya kuahirisha marejesho. Fedha nyingi hazihitajiki. Waraka mmoja unatosha kuanzia.

Ningeshukuru majibu ya barua hii yakitolewa katika kikao cha bajeti kijacho, wakati makadirio ya Wizara za Madini, Uvuvi, Mambo ya Nje na Ulinzi yatakapokuwa yakijadiliwa kwa majuma yanayokaribiana, ili yaingie kwenye Taarifa Rasmi za Bunge na sisi wa mialoni tuweze kuyasoma pamoja na takwimu za asili ya dhahabu nilizoziomba, kuanzia robo ya kwanza ya mwaka ujao wa fedha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mtunza hesabu, soko la Mwaloni,
Kirumba, Mwanza